Kuchipua Si Ruhusa

Kuna neno limeingia makambini pamoja na semina, na sasa hata wenyeviti wa zoni wanalitumia bila kukwama: ustahimilivu. Linaandikwa kwenye fulana, linasemwa kwenye hotuba za tarehe 20 Juni, na mara nyingi likichorwa linachorwa kama mti uliokatwa wenye chipukizi moja la kijani pembeni. Mchoro ni mzuri. Watu wanaupenda kwa sababu unasema jambo la kweli: tulikatwa, na bado tupo. Mimi sina ugomvi na lile chipukizi. Ila kwenye mchoro panga halionekani, aliyelishika haonekani, wala hatuambiwi atarudi lini.

Swali langu ni hili. Kitu kikikatwa kikaota tena, je, kule kuota kunamfutia mkataji deni? Na kikiota mara ya pili, je, inakuwa halali kukikata mara ya tatu kwa hoja kwamba si unaona, kinaota? Nauliza kwa sababu hoja hii iko kila mahali. Iko kwenye mikutano, iko kwenye nyumba zetu, iko hata njiani tunapokwenda kutafuta kuni. Na kila anayeitumia anaitumia kama sifa.

Tuanze shambani, kwa kuwa mfano wenyewe umetoka huko.

Chukua sombe, ambayo wenyeji wa Kasulu wanaiita kisamvu. Mama anayejua kazi huchuma majani machanga ya juu, kidogo kidogo, akitoka mti huu kwenda ule. Hachumi mti mmoja mpaka ubaki kijiti. Sababu yake ni kwamba jani ndilo jiko la mmea. Hapo ndipo mwanga wa jua, maji na hewa vinapikwa vikawa sukari. Sukari inashuka, inawekwa chini kama wanga, na ndiyo hiyo muhogo tunaotwanga unga wa fufu. Ukiondoa majani yote umezima jiko. Lakini mti haufi. Baada ya siku chache unaona majani mapya, laini, ya kijani kinachong'aa. Sasa hayo yametoka wapi wakati jiko halipo? Yametoka ghalani. Mmea umerudi kwenye akiba yake, umeyeyusha wanga ulioweka, umeupandisha juu kutengeneza jiko jingine. Majani ya kwanza baada ya kukatwa ni mkopo. Yakiwa machanga yanakula kuliko yanavyoleta, na mpaka yakomae ndipo yanaanza kurudisha. Ukija kuyachuma kabla ya hapo, umekopa juu ya mkopo. Ndiyo maana muhogo uliochumwa sombe kila baada ya siku chache, siku ya kuung'oa unakuta vidole vyembamba, na ukivipika ni maji maji tu.

Kwa hiyo mtu akipita barabarani anaona bustani ya kijani. Kumbe ile kijani ya juu inalipwa na umaskini wa chini, na chini hakuna anayepita.

Mti wa msituni nao una hesabu hiyo hiyo, ila ghala lake ni kubwa zaidi. Miombo inayotuzunguka hapa Nyarugusu ikikatwa huchipua kwenye kisiki na kwenye mizizi. Chini ya gome kuna macho yaliyolala, kama yale ya kijiti cha muhogo. Kilele cha mti kikiwa hai kinashusha homoni inayoyaambia macho ya chini yasubiri. Kilele kikiondoka, amri inakoma, macho yanaamka. Hapo hakuna muujiza, na kusema kweli hakuna hata ushujaa. Kisiki hakikukaza moyo. Kinatoa kilichowekwa miaka mingi nyuma, wakati mti umesimama na hakuna aliyekuwa anaupigia makofi.

Naliona hili kwa watu pia. Mwanaume aliyefika hapa mikono mitupu na baada ya miezi sita ana cherehani na wateja, tunasema ameanza na sifuri. Hakuanza na sifuri. Kuna mtu kule Baraka au Uvira alimkalisha miaka mitatu kwenye kiti kidogo akamfundisha kupima na kukata. Kuna mama aliyelipa karo kwa kuuza dagaa. Ile mizizi vita haikuiona kwa sababu ilikuwa chini. Usione vyaelea, vimeundwa. Tukimsifu yeye peke yake kwa kuchipua tunawasahau waliojaza ghala, na tunasahau pia kwamba ghala linaisha.

Halafu kuna wale ambao hawachipui, na hapa ndipo mchoro wa fulana unapoanza kuumiza.

Kata mkaratusi chini, mwaka haujaisha una machipukizi kumi, mpaka unatafuta ya kupunguza. Kata msindano ulio karibu yake, ndiyo basi, kisiki kinaoza. Hakuna mkulima anayemtukana msindano. Anajua tu kwamba mti ule hauna macho chini. Tazama na nyasi. Sehemu inayokua, wengine tunaiita moyo, iko karibu kabisa na udongo. Ng'ombe anakula majani, moyo anauacha, kesho kutwa nyasi zinasukuma majani mapya kutoka chini. Mahindi nayo ni nyasi, lakini yana jambo la kushangaza. Yakiwa machanga, mpaka kwenye majani matano au sita hivi, moyo wake bado uko chini ya udongo. Mbuzi akiingia wakati huo akala yote yanayoonekana, shamba linaweza kuinuka tena. Baada ya hapo shina linarefuka na moyo unapanda nalo. Mbuzi yule yule akirudi wiki tatu baadaye, akala kwa mdomo ule ule, mahindi yale yale yanakufa.

Fikiria hilo vizuri. Mmea ni ule ule na mbuzi ni yule yule, tofauti ni siku tu.

Sasa tuna nyumba mbili zinazotazamana, zilizofika kwa basi moja. Hii imefungua genge, watoto wanasoma, baba anaimba kwaya. Ile baba anakaa chini ya paa la nyasi toka asubuhi, akiulizwa jambo anajibu neno moja. Wafanyakazi wa mashirika wanauliza kwa upole: mbona jirani yako ameweza? Sisi tunauliza kwa ukali zaidi, pale bombani, tukisubiri maji. Na swali ni bovu kwa vinywa vyote viwili. Yule wa genge alikimbia akiwa na miaka ishirini, moyo bado uko chini ya udongo. Hakuwa na kitu kikubwa cha kukatwa. Huyu alikuwa mwalimu mkuu, mwenye miaka hamsini, shule yake, wanafunzi waliokua wakawa wakubwa wa mji, shamba aliloachiwa na baba yake. Moyo ulikuwa umeshapanda juu pamoja na shina. Panga lilipopita halikuchukua majani.

Sisemi kwamba kila anayekaa amekatwa moyo. Wavivu wapo, na kambini tunawafahamu kwa majina. Lakini mkulima akitaka kujua kama mmea ni mvivu, kwanza anainama aangalie umekatwa wapi.

Najua mzee mmoja atasoma hapa atasema: kijana, kukata si ubaya daima. Ni kweli, mzee wangu. Chai isiyochumwa inakuwa mti mrefu usio na faida. Nyasi zisizoliwa zinazeeka, zinakuwa ngumu, mwisho zinaliwa na moto. Mgomba ukishazaa hauzai tena, unakatwa ili wanawe wapate nafasi, na wanawe wenyewe wakiwa wengi wanapunguzwa. Dunia isiyo na panga haipo, na sijaiomba.

Hata mifano mizuri kabisa ya kurudisha miti niliyowahi kuisikia inatumia panga. Mwaka 1983 huko Niger, Mwaustralia Tony Rinaudo, ambaye miche aliyopanda ilikuwa inakufa mmoja baada ya mwingine, aligundua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani havikuwa vichaka. Vilikuwa visiki vya miti iliyofyekwa, vinavyochipua kila mwaka na kufyekwa kila mwaka. Msitu ulikuwa hai, chini. Kazi ikawa kuchagua machipukizi machache kwenye kila kisiki, kukata mengine, na yale yaliyochaguliwa kuyalinda. Katika muda wa miaka ishirini hivi miti ilirudi Niger kwenye zaidi ya hekta milioni 5, na wengi walioifanya kazi hiyo ni wakulima wa kawaida. Dodoma wanafanya vile vile na wameiita Kisiki Hai, jina ambalo nalipenda kuliko neno lolote la semina.

Na kuna Shinyanga, ambako nataka tukae kidogo. Wasukuma walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ifunguliwe kiangazi kikali wakati kwingine kote kumekauka. Wakati wa mkoloni misitu ya huko ilifyekwa kuondoa mbung'o, kisha kukaja mashamba ya pamba na mifugo mingi. Miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao kwenda kwenye vijiji vya pamoja, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe, kwa sababu mtu hawezi kulinda malisho aliyoyaacha mbali. Hebu aliyewahi kuhamishwa asome sentensi hiyo tena. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na baada ya majaribio ya kupanda miche ikaonekana kwamba njia nzuri ilikuwepo tayari: kurudisha ngitili. Zilirudi, zaidi ya hekta 300,000, na sehemu kubwa ya miti haikupandwa na mtu. Ilitoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini zikisubiri.

Zikisubiri nini? Kupumzishwa. Ng'ombe hawakuuzwa wote, wala shoka halikuzikwa. Kulikuwa na mwezi wa kufunga na mwezi wa kufungua, na waliokaa kupanga miezi hiyo, katika mikutano wanayoiita dagashida, walikuwa wenye ng'ombe wenyewe. Aliyevunja sheria alitozwa faini na watu anaowajua.

Hapo naona tofauti niliyokuwa naitafuta. Mkataji mwema na mkataji mbaya wanaweza kukata kwa panga moja, mti mmoja, hata asubuhi moja. Tofauti inaonekana baadaye. Mmoja anakiona chipukizi anasema: sasa lipumzike. Mwingine anakiona chipukizi anasema: kumbe bado lipo.

Nyumbani tunamjua mkataji wa pili. Katika familia nyingi hapa kuna binti mkubwa anayejiweza. Maji atachota, wadogo atawaogesha, mama akiumwa atapika, na mtihani wa shule atafaulu hivyo hivyo. Kwa kuwa anaweza, anaongezewa. Mdogo wake anayelia na kuvunja vyombo anaachwa acheze. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Ni mazoea tu: mkono unakwenda kwenye mti unaochipua. Na siku binti anapoanza kulala darasani, au anapokubali kuolewa na mtu wa kwanza aliyeuliza, tunashangaa, mbona alikuwa anaendelea vizuri.

Katika posho ni vivyo hivyo, kwa kipimo kikubwa. Mgao unapunguzwa. Watu wanalia, wiki zinapita, hakuna maiti barabarani. Wageni wanakuja, wanakuta soko dogo linaendelea, watoto wanacheza mpira wa makaratasi, akina mama wamesuka nywele. Kijani. Kisha inasemwa katika kikao fulani kwamba jamii imeonyesha ustahimilivu, na sentensi hiyo, iliyosemwa kwa nia njema kabisa, inageuka kuwa ruhusa. Kama wameweza kwa kiasi hiki, huenda wataweza kwa pungufu kidogo.

Wameweza kwa kutumia nini? Baiskeli imeuzwa. Msichana wa darasa la sita yuko kwa mtu anafua nguo. Mama anasema ameshakula kabla hamjarudi, na hajala. Deni la duka limefika mahali ambapo mwenye duka ndiye anayeshika kadi ya mgao. Ninyi mnaotuhudumia mnayajua haya, maana fomu zenu zinauliza: umeuza mali, umepunguza milo, umetoa mtoto shuleni? Tunajibu kwa ukweli. Lakini fomu hizo zinayaita majibu yetu mbinu za kukabiliana na hali. Mbinu! Muhogo unaokula mzizi wake hautumii mbinu. Na mwisho majibu yote yanageuzwa kuwa namba moja, namba inapanda ngazi, na kinachorudi kwetu kutoka huko juu ni lile neno la kwenye fulana.

Mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu mwema, aliniambia nilipomweleza hili: lakini ndugu yangu, hata sisi tumekatiwa. Ni kweli, na nimemwona akifungasha, mkataba wake haukuongezwa. Basi naye ni mkono ulioshikwa na mkono mwingine. Sidhani kwamba hilo linamfutia deni lote. Asiyeweza kuzuia panga bado anaweza kukataa kuandika kwamba kisiki hakikuumia. Anaweza kuandika baiskeli kwa jina lake, baiskeli, na darasa la sita kwa jina lake. Ni kidogo, lakini huko juu wanaokata wanakata kwa kusoma karatasi, na karatasi inaandikwa na mtu.

Nimeandika mpaka hapa kana kwamba sisi wakimbizi ni miti tu. Kambi hii ipo tangu mwaka 1996. Tangu hapo sufuria zetu zinachemka kwa miombo ya watu, na waliofika kutoka Burundi kuanzia 2015 nao wana sufuria. Kuni zilizokuwa nyuma ya nyumba sasa ni safari ya nusu siku, na akina mama wanaokwenda huko wanajua hatari zake kuliko ninavyoweza kuandika. Tukikata tunasema wenyewe: utachipua, huu ni mti wa pori. Ni hoja ile ile, sasa iko mdomoni mwetu. Na mara nyingine ni ya uongo, kwa sababu mahali ambapo miti imekwisha nimeona visiki vinachimbwa, mzizi unatolewa wote unakaushwa, na pale hapachipui kitu. Mwanakijiji anayetukasirikia hajawa mtu mbaya kwa sababu hiyo. Anatazama ghala lake.

Je, anayekata kwa sababu watoto wana njaa ana deni kwa msitu? Wengi wanasema hana, kwani hakuchagua. Mimi nasema deni lipo, ila si lake peke yake. Linagawanywa na kila aliyeweza kuleta jiko lingine au nishati nyingine akaahirisha mwaka hadi mwaka. Sehemu yake yeye ni ndogo. Lakini si sifuri, na naona kumwambia mtu maskini kwamba hadaiwi chochote ni namna nyingine ya kumtoa katika hesabu ya watu.

Katika zoni yetu kuna mama, jina lake halihitajiki, ambaye akienda kuni hukata matawi tu, shina analiacha, na kwenye kisiki chenye machipukizi mengi huondoa membamba akaacha mawili yaliyonyooka. Inamchukua muda mrefu, wenzake wanamtangulia. Mara nyingi akirudi wiki ya pili anakuta wengine wameshayakata hayo mawili pia. Aliulizwa kwenye foleni mbona anajisumbua, na watu wakacheka kidogo. Alisema njia ile bado anaipita.